Kompyuta Bado Inawaka Vizuri: Kwa Nini Uhangaike Kuhama Windows 10?

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha rasmi kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi ulioingia sokoni tarehe 29 Julai 2015. Kesho yake hakuna kilichotokea. Kompyuta ziliwaka kama kawaida, Word ikafunguka, muziki ukapigwa. Ndiyo maana wengi wanauliza: kama chombo hakijaharibika, mtu ahangaike nacho kwa nini?

Swali hilo ni la haki, tena lina gharama ndani yake. Kuhama kunakula bando, kunakula muda, na kwa baadhi ya watu kunamaanisha kununua mashine nyingine. Katika makala hii hatutakuambia "hama leo hii" wala "tulia, usijali". Tutakueleza kinachobadilika ndani ya kompyuta huduma inapokoma, kisha upime mwenyewe ukiwa na sababu mkononi.

"Kuhudumiwa" maana yake nini hasa?

Mfumo endeshi ni programu inayokaa kati ya vifaa na programu nyingine zote. Ukibonyeza "hifadhi", Word haiendi yenyewe kuandika kwenye diski. Inauomba mfumo endeshi uifanyie kazi hiyo. Ukiunganisha Wi-Fi, ukichomeka flashi, ukifungua kivinjari, kila ombi linapita hapo. Kwa hiyo anayeushika mfumo endeshi ameshika kila kitu: picha zako, nywila zako, tasnifu yako.

Programu kubwa kama hii ina mamilioni ya mistari ya msimbo, na imeandikwa na binadamu. Lazima iwe na makosa. Mengi hayana madhara, lakini machache ni matundu: mtu akijua namna ya kuyatumia, anaweza kuiamuru kompyuta yako ifanye jambo ambalo hukuliruhusu. Matundu yanapogunduliwa, Microsoft hutengeneza viraka na kuvitoa, kwa kawaida Jumanne ya pili ya kila mwezi. Ule ujumbe wa "usizime kompyuta" unaokukera asubuhi ukiwa na haraka, mara nyingi ndio hivyo viraka vinashonwa.

Hapa tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kusasisha ni kupokea viraka vya mfumo uleule ulio nao. Kupandisha toleo ni kuhama kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine, kama kutoka Windows 10 kwenda Windows 11. Huduma ikikoma, kilichokatika ni hilo la kwanza. Mfumo wako hauzimwi wala hauwi mbovu ghafla. Unabaki jinsi ulivyo, pamoja na matundu yake yote ambayo bado hayajajulikana.

Kiraka cha jirani ni ramani ya mwizi

Unaweza kusema: kama tundu halijulikani, hakuna wa kulitumia. Ingekuwa kweli kama Windows 11 ingeandikwa upya kuanzia sifuri. Haikuandikwa hivyo. Imejengwa juu ya Windows 10, na sehemu kubwa ya msimbo wake ni ileile. Tundu linalopatikana kwenye Windows 11 lina nafasi nzuri ya kuwemo pia kwenye Windows 10.

Sasa fikiria kinachotokea kila Jumanne ya viraka. Microsoft inatoa faili mpya za Windows 11. Mshambuliaji anachukua faili ya zamani na faili mpya, anazilinganisha kwa programu maalumu, anaona ni wapi pamebadilika. Palipobadilika ndipo palipokuwa na tundu. Hakuhitaji kulitafuta kwa miezi. Kiraka chenyewe kimemwonyesha kwa kidole. Anayetumia Windows 11 na kusasisha ameshaziba. Anayetumia Windows 10 bila viraka amebaki na tundu lile lile, na safari hii linajulikana hadharani.

Ndiyo maana hatari ya mfumo usiohudumiwa haianzi siku ya kwanza. Inajilimbikiza mwezi baada ya mwezi. Matundu hayazibiki yenyewe kwa kuzeeka. Mtu aliyekaa wiki moja baada ya huduma kukoma bila kudhurika hajathibitisha kwamba atakuwa salama baada ya miaka miwili.

"Lakini mimi nina antivirus." Vizuri, usiiondoe. Microsoft imesema itaendelea kuipa Defender ya Windows 10 taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028. Ila antivirus na kiraka ni vitu viwili. Antivirus ni mlinzi wa getini anayewatambua wezi kwa sura. Kiraka ni fundi anayejenga upya ukuta uliobomoka nyuma ya nyumba. Mlinzi hodari anasaidia, lakini hazibi ukuta.

Mwezi Mei 2017: siku viraka vilipohesabiwa

Tarehe 12 Mei 2017, programu hasidi iliyoitwa WannaCry ilianza kusambaa. Ilifunga faili za watu kwa kuzisimba, kisha ikadai dola 300 kwa Bitcoin ili izifungue. Ndani ya siku chache ilikuwa imefika kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Nchini Uingereza hospitali za umma zilivurugika, maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa.

Jambo la kuogofya ni namna ilivyoingia. Haikumhitaji mtu abonyeze kiungo wala afungue barua pepe ya kilaghai. Ilitumia tundu katika sehemu ya Windows inayoshughulikia kugawana faili kwenye mtandao, ikaruka kutoka kompyuta moja hadi nyingine yenyewe. Wale wanaosema "mimi ni mwangalifu, sibonyezi ovyo" wasingesalimika kwa uangalifu huo.

Kiraka cha tundu hilo kilikuwa kimetolewa tarehe 14 Machi 2017, takribani miezi miwili kabla. Windows XP, ambayo huduma yake ilikoma tarehe 8 Aprili 2014, haikupewa kiraka hicho kwa watu wa kawaida hadi shambulio lilipotokea na Microsoft ikalazimika kukitoa kwa dharura. Lakini subiri, kuna upande wa pili ambao husahaulika: kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa. Kiraka kilikuwepo, ila wenyewe hawakukipokea.

Kwa hiyo somo la WannaCry lina pande mbili. Mfumo usiohudumiwa ni hatari kwa sababu kiraka hakiji. Na mfumo unaohudumiwa ni hatari vilevile kama umezima masasisho ili kuokoa bando. Ukihamia Windows 11 kisha ukazuia kusasisha, umebadilisha sura ya kioo tu.

Je, mashine yako inaruhusiwa?

Windows 11, iliyotoka tarehe 5 Oktoba 2021, ina masharti makali kuliko iliyoitangulia. Inataka RAM isiyopungua GB 4, nafasi ya diski GB 64, prosesa ya biti 64, kompyuta iwe na uwezo wa Secure Boot, na iwe na TPM 2.0.

TPM ni kisehemu cha kutunzia funguo za siri. Uzuri wake ni kwamba funguo zinatumika humohumo ndani; programu inaweza kuiomba TPM ifungue kitu, lakini haiwezi kuuchukua ufunguo ikaondoka nao. Secure Boot nayo hukagua, kabla Windows haijaanza kuwaka, kama programu za kuwashia zina saini inayotambulika. Inazuia programu hasidi inayojipenyeza mapema, kabla antivirus haijaamka.

Masharti hayo mawili huwashtua watu bure. Kompyuta nyingi zilizotengenezwa tangu 2016 zina TPM 2.0 ndani ya prosesa, ila imezimwa kwenye mipangilio ya BIOS. Kwenye mashine za Intel huitwa PTT, kwenye za AMD huitwa fTPM. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika tpm.msc, utaona kama ipo na ni toleo gani. Kabla hujaambiwa ununue mashine mpya, hakikisha kwanza kwamba tatizo si kitu kilichozimwa tu.

Kikwazo kigumu kwa wengi ni prosesa. Kwa Intel, kwa sehemu kubwa inatakiwa kizazi cha 8 na kuendelea. Kwa AMD, Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Kusoma kizazi si kazi. Tazama namba baada ya kistari: i5-7200U inaanza na 7, ni kizazi cha 7, haimo kwenye orodha. i5-8250U ni kizazi cha 8, imo. i5-10210U ni kizazi cha 10, na i5-1135G7 ni cha 11. Usidanganyike na "i5" au "i7" peke yake. i7 ya kizazi cha 6 haimo. I3 ya kizazi cha 8 imo.

Somo hili lishike hasa ukienda kununua kompyuta ya mtumba, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue. Kuikuta mashine ina Windows 11 si uthibitisho kwamba inakubalika, kwa sababu zipo njia za kuyaruka masharti wakati wa kuiweka. Omba uione namba ya prosesa kwa macho yako.

Njia zilizo mbele yako

*Kupandisha hadi Windows 11.* Kama mashine inakidhi masharti na Windows 10 yako ni halali, kupandisha ni bure. Nenda kwenye mipangilio ya masasisho, au tumia programu ya Microsoft iitwayo PC Health Check ikukagulie. Ila kukidhi masharti si sawa na kufanya kazi kwa raha. GB 4 za RAM ni kiwango cha chini kwenye karatasi. Ukifungua kivinjari chenye vichupo kumi na Word, utaiona mashine ikihema. GB 8 ndiyo ya kuishi nayo. Na kama bado una diski ya kuzunguka, kuibadilisha kwa SSD kutakupa nafuu kubwa kuliko toleo lolote jipya. Ni kazi ambayo fundi wa kompyuta anaimaliza siku hiyohiyo.

*Kuongeza muda.* Microsoft ilianzisha mpango wa viraka vya ziada kwa watumiaji wa nyumbani, ambao ulipotangazwa ulipangwa kuishia tarehe 13 Oktoba 2026. Unahitaji Windows 10 toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft. Unajiunga kwa kulipa dola 30, au bila kulipa ukikubali mipangilio yako ihifadhiwe kwenye akaunti hiyo. Unachopata ni viraka vya usalama tu. Ichukulie kama muda wa kujipanga: kumaliza tasnifu, kukusanya fedha ya mashine nyingine. Makazi ya kudumu sio haya.

*Kuhamia Linux.* Kwa kompyuta nzuri iliyokataliwa kwa sababu ya prosesa, njia hii inairefushia maisha. Ubuntu 24.04, iliyotoka Aprili 2024, inapewa masasisho kwa miaka 5. Linux Mint 22, inayojengwa juu yake, inahudumiwa hadi 2029, na sura yake haimsumbui aliyezoea Windows. Zote ni bure. Tena unaweza kuziwasha kutoka kwenye flashi na kuzionja bila kugusa kilichomo kwenye diski.

Kizuizi cha Linux kiko kwenye programu unazozitegemea. R, Python, LaTeX, Zotero na QGIS zote zinafanya kazi humo. Microsoft Office ya kawaida haipo; utatumia LibreOffice au Office ya kwenye kivinjari, na waraka wenye majedwali mengi unaweza kufika kwa msimamizi wako ukiwa umepindapinda. Andika orodha ya programu zako tano unazozitumia kila wiki. Kama moja haipo kwenye Linux na huna mbadala wake, umeshapata jibu.

*Kuitenga na mtandao.* Zipo kompyuta zisizoweza kuhama. Maabara nyingi zina mashine inayoendesha kifaa cha vipimo, na kiendeshi chake kiliandikwa kwa mfumo wa zamani. Mashine ya namna hiyo ondoa kwenye intaneti, iachie kazi yake moja. Lakini kumbuka kwamba flashi nazo hubeba virusi. Kuitenga na mtandao huku kila mwanafunzi akichomeka flashi yake ni kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

*Kuyaruka masharti.* Fundi anaweza kukuambia: "Usijali, naweka Windows 11 hata kama inakataa." Inawezekana, na mara nyingi itawaka. Ila Microsoft imesema wazi kwamba mashine kama hizo hazihakikishiwi masasisho. Kila toleo la Windows 11 la nyumbani huhudumiwa kwa miezi 24. Likiisha, mashine isiyokidhi masharti kwa kawaida haisogezwi yenyewe kwenda toleo linalofuata, ni mpaka urudie kazi kwa mkono. Toleo la 24H2 lilikwenda mbali zaidi: linadai amri fulani za prosesa ambazo mashine za zamani sana hazina, na hizo haziwaki kabisa. Kwa hiyo unayekimbia ukosefu wa viraka unaweza kukutana nao tena mbele ya safari.

Na hapo kuna jambo la kusemwa bila kuzunguka. Programu za kufungulia Windows isiyolipiwa mara nyingi hukutaka uzime antivirus kwanza ndipo zifanye kazi. Fikiria hilo ombi: mgeni usiyemjua anakuomba umwondoe mlinzi ili aingie kukusaidia. Ukikubali, mjadala wote wa viraka hauna maana tena.

Jipime kwa maswali matatu

La kwanza: kompyuta inaunganishwa na nini? Mashine inayoshinda kwenye Wi-Fi ya chuo au ya mgahawa iko wazi zaidi kuliko iliyofungiwa ofisini bila mtandao.

La pili: ndani yake kuna nini? Kama ni filamu tu, hasara ni ndogo. Kama unaingia benki, unatunza majibu ya watu waliohojiwa kwenye utafiti wako, au unaandika tasnifu, hasara haikuhusu wewe peke yako. Waliokujibu dodoso walikuamini.

La tatu: utaitumia kwa muda gani bado? Miezi mitatu unaweza kuivuka kwa viraka vya ziada. Miaka mitatu inahitaji mfumo unaohudumiwa. Kumbuka pia kwamba programu nyingine huondoka taratibu baada ya mfumo endeshi. Windows 7 iliachwa Januari 2020. Chrome ikaifuata kwa kuacha kutoa matoleo mapya yake mwanzoni mwa 2023. Kivinjari kilichozeeka ni tundu la pili juu ya lile la kwanza.

Majibu yakiwa "mtandaoni kila siku, kuna vitu vya maana, na miaka kadhaa", usingoje. Majibu yakiwa kinyume chake, una nafasi ya kujipanga.

Kabla hujabonyeza

Usipandishe toleo wiki ya kuwasilisha kazi. Hata mabadiliko mazuri huweza kuleta printa isiyotambulika au programu inayogoma. Chagua wiki tulivu.

Weka nakala ya faili zako sehemu mbili: moja kwenye diski ya nje, nyingine mtandaoni. Kisha fungua faili mbili tatu kutoka kwenye nakala hizo. Nakala ambayo hujaijaribu bado ni matumaini tu.

Angalia kama diski yako imefungwa kwa BitLocker au kwa usimbaji wa kifaa. Kama ndiyo, tafuta ule ufunguo wa kurejesha wenye tarakimu 48, uuandike kwenye karatasi, uuweke mbali na kompyuta. Ukigusa mipangilio ya TPM au Secure Boot, kompyuta inaweza kuudai papo hapo. Ukiukosa, faili zipo lakini hazifunguki, na fundi hodari kiasi gani hawezi kukusaidia.

Kama Secure Boot inakataa kwa sababu diski imepangwa kwa mtindo wa zamani wa MBR, usikubali haraka kufutiwa kila kitu. Windows ina zana iitwayo mbr2gpt inayobadilisha mpangilio bila kufuta faili. Nakala weka hata hivyo.

Andaa bando; faili kamili ya kuweka Windows 11 inazidi GB 4. Kama mko watatu darasani, mmoja apakue kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe, awagawie wengine kwa flashi. Chaji betri, na usianze siku umeme unapokatikakatika.

Ukishapanda na mambo yakawa mabaya, una siku 10 za kurudi Windows 10 kupitia mipangilio ya urejeshaji. Kwa hiyo jaribu programu zako zote muhimu ndani ya siku hizo, printa na projekta zikiwemo. Ukisafisha diski ukaifuta folda ya Windows.old, njia ya kurudi umeifunga mwenyewe.

Hata kama utaamua kubaki ulipo kwa sasa, uwe umeamua kweli: una tarehe ya kuhama, unaijua njia utakayoishika, na nakala zako zipo. Anayebaki hivyo amejipa muda. Anayebaki kwa sababu tu kompyuta bado inawaka, muda anampa mtu mwingine.